Habari za Fundi Spana na Kelele Isiyosikika

Sogeeni, enyi wapangaji wa zamani na wapya, nanyi mliohama mkaacha misumari ukutani! Sogeeni enyi wenye simu mikononi, mzizime kwa muda, kwa kuwa habari hii imo ndani ya simu hizo hizo nayo haipendi kukatizwa. Wako waliosimulia habari za wafalme walioteka miji kwa farasi elfu. Mimi farasi sina. Ninalo jengo la ghorofa tano, paa moja la zege, mwanamke mmoja mwenye spana, na adui asiyekuwa na umeme, wala betri, wala akili. Miguu alikuwa nayo minne, lakini hilo tutalifikia. Ewe kalamu yangu, usikauke wino; ewe kumbukumbu, usinitoroke kama ulivyonitoroka juzi nilipokwenda kununua chumvi nikarudi na mshumaa.

Ikawa katika mwezi ule, jengo letu likapatwa na balaa ambalo hata wapangaji wa kwanza hawakupata kuliona. Juu ya paa letu umesimama mnara wa simu, si mrefu, wenye antena tatu zinazoitazama mitaa mitatu. Mnara huo ndio uliotupa jina: mtu akikuuliza unakaa wapi, unamjibu, jengo la mnara, naye haulizi la pili. Basi mnara huo ukawa kiziwi. Bubu haukuwa, la. Ulisema vizuri mno. Ukipigiwa simu unamsikia mwenzio waziwazi, hata kikohozi chake, hata mtu anayepiga chafya nyuma yake, lakini yeye hakusikii wewe. Unasema haloo, anasema haloo. Unasema nakusikia, anasema mbona husemi? Mimi mwenyewe, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu kwa kazi na mwandishi wa habari hizi kwa kujiteua, nilimweleza shemeji yangu kwa robo saa nzima kwa nini suruali yake haijawa tayari. Yalikuwa maelezo ya kupendeza, yenye mwanzo, kati na machozi. Nilipomaliza nikamsikia akimwambia dada yangu, "Huyu ndugu yako sasa hata uongo anaona uvivu kuusema."

Lakini langu lilikuwa la suruali. La Bibi lilikuwa la roho.

Bibi wa ghorofa ya tano, ambaye magoti yake yaligoma kushuka ngazi tangu mwaka jana, ana mtoto wa mwisho anayefanya kazi mbali, tuliyezoea kumwita Kitindamimba ijapokuwa sasa ana ndevu. Huyu Kitindamimba alimtumia mama yake kitanda kipya cha mbao, kipana, cha kifahari, akampigia simu akamwambia, "Mama, kile cha chuma kitupe sasa. Kimeoza kutu. Mpe muokota vyuma chakavu aondoke nacho." Ebo! Kitanda chenyewe ndicho alicholalia yeye tangu alipoacha mgongo wa mama yake mpaka alipoota ndevu. Bibi akawaka. Akasema, "Nikikitupa hicho nimekutupa wewe. Sina la kusema na wewe tena!" Akakata simu. Kesho yake kitanda cha mbao kikaingia chumbani, na kile cha chuma, badala ya kwenda kwa muokota vyuma, Bibi akaamuru kipandishwe juu ya paa kikae huko kwa heshima zake.

Hasira za Bibi hazikumaliza siku mbili. Siku ya tatu mwanawe alipopiga, saa kumi za jioni kama desturi yake, akaipokea mbio akasema, "Mwanangu, yaishe." Na mwanawe hakusikia kitu. Akasema, "Mama? Umeshika simu na husemi?" Bibi akasema tena. Akapaza sauti. Kijana akavuta pumzi akasema, "Haya, mama. Nitapiga kesho." Ikawa hivyo wiki tatu nzima: mtoto anasikiliza ukimya, mama anapiga kelele, na kila siku kijana anazidi kuamini kwamba mama yake anapokea simu makusudi ili amnunie.

Msiniulize kwa nini hakuandikiwa ujumbe. Aliandikiwa, kwa mkono wangu huu, nikautuma kutoka mtaa wa pili, nami nikauandika kwa ufasaha ambao sasa naona ndio ulioharibu mambo. Akajibu, "Jirani, asante sana, lakini mama yangu hasemi hivyo. Nataka sauti yake." Wala msiniulize kwa nini Bibi hakuteremshwa apigie simu mtaa wa pili. Msimamizi wa jengo alijitolea kumbeba mgongoni, Bibi akamtazama juu mpaka chini akasema, "Mimi si gunia." Mjadala ukafungwa.

Basi jana yake, yaani siku moja kabla ya siku kuu ya habari hizi, Kitindamimba alipiga akasema maneno ambayo Bibi alitueleza huku ameshika mlango. Alisema, "Mama, kesho usiku napanda gari kwenda kambi ya kazi jangwani. Miezi minane, na huko simu hazifiki. Kesho saa kumi nitapiga mara ya mwisho. Ukinyamaza nitajua hujanisamehe, na nitaondoka hivyo hivyo." Bibi akamjibu kwa sauti iliyowatoa nje wapangaji wa ghorofa ya pili. Wapangaji waliitika. Mtoto hakuitika.

Kesho yake ndipo alipowasili, kwa mara ya tatu katika wiki moja, shujaa wetu: Fundi Spana, mshinda kutu, mkaza nati zilizolegea, mpanda paa asiyeshika ukuta! Alikuwa mwanamke wa kimo kidogo, mwenye mfuko mkubwa kuliko yeye. Ndani ya mfuko zilikuwemo silaha zake: chupa ya spiriti na vitambaa vyeupe vya kusafishia viungo vya waya; kijiti cha plastiki cha kugongagonga viungo hivyo ili kujua kipi kimelegea; kompyuta ya kupakata inayochora mstari wa kijani kuonyesha kelele iliyomo masikioni mwa mnara; na juu ya zote, spana ya kipimo, ile inayolia "tak!" nati ikifika kiasi chake, isikazwe pungufu wala zaidi. Spana hiyo hakumwazima mtu. Hata mume wake, walisema, alikatazwa kuigusa.

Na nyuma yake alipanda Baba Ngazi, msimamizi wa jengo, mtu wa kilo mia na ushei, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna anayezilaani ngazi kama yeye. Sheria ya jengo letu ni kwamba ufunguo wa paa hauachiwi mgeni. Atakayefungua ndiye atakayengoja mpaka kazi iishe, ndiye atakayefunga. Kwa hiyo kila fundi alipopanda, Baba Ngazi alipanda. Na alipofika juu, uso wake ulikuwa umebadilika rangi na pumzi zake zinasikika mtaani. Naye Fundi Spana, kwa kuwa amelelewa akaleleka, kila mara alimwambia neno lile lile kabla hata hajafungua mfuko: "Kaa kitako, baba yangu, upumzike. Mimi sichelewi."

Lishikeni neno hilo. Lilikuwa la adabu, nalo lilitugharimu wiki nzima.

Mara ya kwanza alikaza kila nati ya mnara, moja baada ya moja, tak, tak, tak. Akatazama mstari wa kijani: umelala chini, shwari. Akaandika "imepona," akaondoka. Hakufika kituo cha basi ofisi ikampigia kumwambia kelele imerudi. Mara ya pili akafungua viungo vyote, akavisafisha kwa spiriti hadi vikang'aa, na kimoja alichokitilia shaka akakibadilisha kabisa. Mstari ukalala. Akaondoka. Kelele ikarudi kabla hajavuka barabara. Mkubwa wake wa ofisini akamwambia kwamba wiki ijayo italetwa timu nyingine, yenye uzoefu. Neno hilo "yenye uzoefu" lilimkaa kooni, maana yeye alikuwa na miaka kumi na minne kazini na vidole viwili visivyokunjika.

Siku hiyo ya tatu, alipopita ghorofa ya tano, Bibi alimngoja mlangoni na glasi ya maji. Akamweleza yote: kitanda cha mbao, maneno ya hasira, wiki tatu, jangwa, saa kumi. Fundi Spana akanywa maji yote. Kisha akasema, "Sasa hivi saa ngapi, bibi?"

"Saa saba na nusu."

"Mimi sishuki ngazi hizi kabla ya saa kumi. Wewe kaa na simu yako."

Nami kwa kuwa nilitaka ushahidi wa macho, na kwa kuwa suruali ya shemeji ilikuwa inanisubiri chini na sikutaka kuonana nayo, nikapanda pamoja nao.

Alipofika mlangoni pa paa, shujaa akasimama, upepo ukapeperusha kilemba chake, akainua spana yake juu akamwita adui kwa kishindo: "Ewe kelele usiyesikika, ewe mwizi wa sauti za akina mama! Umejificha wiki nzima katika viungo vya chuma. Leo nakutoa, ujapokuwa katika mfupa wa mnara!" Hivyo ndivyo ilivyompasa kunena. Kwa kinywa chake alisema, "Haya, tuone leo," lakini mwandishi naye ana wajibu wake.

Kisha akamgeukia Baba Ngazi. "Kaa kitako, baba yangu, upumzike."

Baba Ngazi akakaa. Springi zikalia chini yake, naye akashusha pumzi.

Fundi akaunganisha kompyuta yake na sanduku lililo chini ya mnara. Mstari wa kijani ulikuwa umelala. Akachukua kijiti akagonga kiungo cha kwanza: kimya. Cha pili: kimya. Akagonga vyote kumi na viwili, akazunguka mnara akarudi, akakaza nati ambazo hazikuhitaji kukazwa. Spana ikalia tak mara moja kila nati, kwa unyonge, ikimaanisha nimeshakaza, unataka nini tena.

Nikamuuliza, "Dada, hiyo kelele yenyewe mbona siisikii?"

"Huwezi kuisikia. Mnara peke yake ndio unaisikia." Akapangusa jasho. "Sikiliza. Antena inatoa sauti mbili kubwa kwa pamoja. Zikikutana na chuma kilichogusana vibaya, pana kutu au pamelegea, zinachanganyika zinazaa sauti ya tatu. Hiyo ya tatu inaangukia palepale mnara unapotega sikio kusikiliza simu zenu. Simu ya Bibi inanong'ona tu, ni kitu kidogo. Mnara utamsikiaje na kelele iko sikioni?"

"Na huyo anayeizaa anakula umeme kiasi gani?"

"Hali hata chembe. Ni kitu kimekaa tu. Vitu vilivyokaa tu, visivyofanya kazi yoyote, ndivyo vinavyonitesa mimi maisha yangu yote."

Baba Ngazi akajikohoza akajiweka sawa pale alipokaa, akidhani anasemwa yeye.

Ikafika saa tisa. Ikafika saa tisa na nusu. Mstari wa kijani umelala usingizi mzito, na chini yetu, dirishani kwa Bibi, tulimsikia akijizoeza kabla ya kupigiwa, "Haloo? Haloo?" na sauti yake ikisikika vizuri kabisa, angalau kwetu. Fundi Spana akachuchumaa. Nikaona macho yake yamejaa machozi, na wala hakuyaficha. Akasema, "Mashine inaniambia hakuna kitu. Nikiiamini nashuka, na nikishuka kitarudi. Mwaka huu wote sijawahi kuona aibu kama hii."

Jamani, nilimhurumia.

Ndipo sauti ikapanda kutoka uani: "Baba Ngazi wee! Tangi linafurika, maji yananiangukia!" Baba Ngazi akashtuka, akanyanyuka, springi zikalia, akatembea hatua chache hadi kwenye tangi la maji lililo upande wa pili wa paa, akafunga koki. Na mstari wa kijani ukaruka juu kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Fundi Spana akaganda.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimefunga maji."

"Kabla ya hapo?"

"Sijafanya kitu. Nimesimama."

"Rudi ukae."

Akarudi akakaa. Mstari ukaanguka.

"Simama." Ukaruka. "Kaa." Ukaanguka. "Simama. Kaa. Simama. Kaa." Mara ya sita mzee wa watu akasema kwa uchungu, "Binti yangu, mimi ni rika la baba yako. Kama ni adhabu, basi nitajie kosa langu."

Kumbe! Ondoeni macho kwenye mnara, enyi wasikilizaji, mtazame alichokalia. Kilikuwa kitanda cha chuma, futi tatu na nusu kwa sita, chenye kutu mpaka mapajani, kimewekwa mbele ya antena ya katikati kana kwamba kinangoja kuhutubiwa. Kila fundo la springi zake lilikuwa chuma kilichogusana vibaya na chuma. Kikiwa kitupu, kilizitafuna sauti za mnara na kuzaa ile ya tatu. Kikikaliwa na kilo mia na ushei, vyuma vyake vilibanana sawasawa, kikanyamaza. Na kila fundi alipopanda kupima, Baba Ngazi alipanda kungoja. Na kila alipopanda, alikaribishwa kukaa.

Fundi Spana akajishika kichwa. "Mimi! Mimi ndiye niliyekukalisha! Siku tatu nakuambia kaa, baba, kaa, baba! Lau ningekuwa mtoto asiye na adabu ningeshamaliza kazi siku ya kwanza." Akacheka, akalia, akacheka tena, vyote kwa pamoja, nami nikacheka naye, na Baba Ngazi akacheka ingawa alikuwa hajaelewa.

Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini.

"Tukiondoe hapa," nikasema. Tukavuta. Hakikwenda. Baba Ngazi, kwa kuogopa upepo, alikuwa amekifunga kwenye nondo za ukingo wa paa kwa waya mnene, mizunguko kumi na minane, kwa koleo ya kuazima aliyokwisha kuirudisha. Fundi Spana alijaribu waya kwa mikono akaumia kidole. Katika mfuko wake mzima, wenye silaha za kila aina, koleo haikuwemo.

Basi akasimama mbele ya Baba Ngazi akamhutubia, na haya aliyasema kweli, sikuyapamba: "Baba yangu, utakaa hapo. Simu ya Bibi ikilia, usinyanyuke. Maji yakifurika, yafurike. Ukiitwa, usiitike. Mpaka Bibi amalize."

Baba Ngazi akavuta tumbo ndani, akaweka mikono magotini. "Hii ni kazi ninayoiweza," akasema.

Nikashuka kumwambia Bibi. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda cha mbao, simu mapajani, amevaa nguo ya kutokea.

"Bibi, leo utasikika."

"Kafanya nini huyo fundi?"

"Amemkalisha Baba Ngazi juu ya kitanda."

Bibi akainua uso. "Kitanda kipi?"

Nikaona haya kusema, lakini nikasema. Akainamisha kichwa. "Kile cha mwanangu? Ndicho kilichonifumba mdomo wiki zote hizi?" Akapangusa kioo cha simu kwa pindo la nguo. "Basi mwambie Baba Ngazi asinyanyuke."

Simu ikalia. Bibi alikuwa na hotuba. Aliitayarisha wiki tatu, alinisomea hata mimi, hotuba ya msamaha yenye kumtaja marehemu baba wa kijana na maziwa Bibi aliyomnyonyesha. Akapokea, na kabla hajafungua mdomo sauti ya kijana ikasikika, ya uchovu: "Mama, ni mimi. Najua utanyamaza. Mimi nasema tu kwamba..."

"Nani amenyamaza?" Bibi akaruka. "Wiki tatu napiga makelele mpaka majirani wananichoka! Blanketi umebeba? Jangwani alfajiri kuna baridi."

Upande wa pili kijana akapaza sauti.

"Mama?"

"Ndiyo mimi."

Nikamsikia mtu mzima mwenye ndevu akilia katika simu, na Bibi naye analia, na mimi nimesimama katikati ya chumba sijui niangalie wapi. Kijana akaanza, "Mama, mimi nilidhani..." kisha akakatiza maneno yake, akasema, "Mama? Mama, umenyamaza tena?" Bibi alikuwa anaongea! Midomo inakwenda! Akanigeukia na uso ambao sitausahau.

Nikaruka ngazi tatu tatu. Loo! Juu ya paa Baba Ngazi amesimama wima, mkono mmoja nyuma ya suruali, na Fundi Spana amening'inia kwenye mkono wa pili akimvuta chini kwa nguvu zake zote.

"Kaa!"

"Nyigu! Ameniuma nyigu!"

"Kaa na maumivu yako, baba!"

"Nitakaa vipi na alipouma ndipo pa kukalia?"

Na hapo, enyi wasikilizaji, mwandishi wenu aliingia vitani. Nilijirusha juu ya kitanda upande wa kichwani. Fundi Spana akajitupa upande wa miguuni. Mstari ukayumba, haukulala. Sisi wawili hatukutosha, mmoja mwembamba na mwingine mfupi. Baba Ngazi akatutazama. Akafumba macho, akakunja uso, akashuka katikati yetu kwa uzito wake wote, juu ya jeraha lake. Springi zikapiga kelele moja ndefu. Mstari wa kijani ukalala chini. Na kutoka dirishani chini yetu tukamsikia Bibi akisema, "Sijanyamaza, ni mzee wa watu amesimama. Endelea, mwanangu."

Tulikaa dakika arobaini na moja. Walichozungumza sikukisikia, wala si haki yangu kukijua. Jua lilituchoma upande mmoja, mguu wangu ukafa ganzi, Baba Ngazi alikuwa akisema "aah" polepole kila baada ya muda, na hakuna aliyetikisika. Ilipokwisha, Bibi alitokeza dirishani akaita, "Mnaweza kusimama sasa. Asanteni, wanangu." Baba Ngazi alikuwa wa mwisho kusimama.

Jioni hiyo hiyo koleo ikaazimwa tena. Fundi Spana akakata mizunguko kumi na minane, tukambebea Bibi kitanda chake mpaka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna antena inayopatazama. Nilipima kwa utepe wangu wa kazi: hatua nane, yaani mita sita na sentimita kumi. Mstari ukalala bila kukaliwa na mtu. Bibi alipoulizwa kama kitupwe sasa, akajibu, "Kisogezwe, kisitupwe. Mwenyewe amesema leo nisikitupe."

Ofisi ikapiga simu, nami nikasikia jibu kwa masikio yangu.

"Umepata sababu?"

"Nimepata. Kitanda."

"Kitanda? Kinahusiana vipi na mnara?"

"Kilikuwa kinautazama," akasema Fundi Spana, akaifunga spana yake kwenye kitambaa. Timu yenye uzoefu haikuja.

Basi iandikwe, na iwekwe pale ambapo watoto wa jengo hili wataikuta: kwamba katika mwaka ule, bila farasi wala mikuki, kitanda kimoja kilisogezwa hatua nane, na mnara ukasikia. Hata sasa sisi hatusemi mwaka juzi wala mwaka jana. Tunasema kabla ya kitanda na baada ya kitanda. Suruali ya shemeji yangu, kwa mfano, ni ya kabla ya kitanda, na bado haijaisha.

Miezi minane ikapita. Siku ile ambayo gari la kutoka jangwani lilitarajiwa kumfikisha Kitindamimba mjini penye simu, nilikuwa ngazini kama saa kumi kasorobo nikamwona Baba Ngazi anapanda, ameshika ufunguo, anazilaani ngazi moja moja kwa jina. Nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya tangi, akakitazama kitanda kwanza kama kuna nyigu, akakaa katikati, mikono magotini.

Nikamwambia, "Baba Ngazi, hapa hakuna haja tena. Fundi alishakueleza. Hata ukicheza ngoma juu yake mnara haukisikii."

"Najua," akasema. "Nyamaza tusikie."

Chini yetu simu ikalia.